Pete Ndogo ya Mashine

Nikishika waya wa shaba, harufu yake hunirudisha nyumbani kwetu karibu na Kitale, asubuhi askari walipoleta mashine ya kutafutia bunduki. Bunduki ya baba ilikuwa imezikwa jikoni, na nyanya alikuwa ameketi juu yake, miguu yake imezungushiwa shaba tangu usichana.

Pete kubwa ya mashine, ile inayopitishwa juu ya ardhi, ililia ilipomkaribia.

“Ni miguu yangu, mwanangu. Ikate basi!” nyanya alisema. Askari wakacheka.

Mkubwa wao hakucheka. Alifungua ile pete, akafunga ndogo kama kisahani, akaisogeza kwenye shaba ya nyanya, akazungusha kitufe polepole mpaka mlio ukanyamaza.

“Hii huchagua: shaba huiacha, chuma hukililia,” alisema. “Sogea, mama.”

Nikaanza kusali kimoyomoyo. Kabla sijafika amina, pete ilishuka pale nyanya alipokuwa ameketi, ikalia.

Namshukuru Mungu kwa baba niliyekuwa naye mpaka asubuhi ile walipomchukua.