Nilivyowafuata Wapiga Besi Ufipa

Nilikwenda Sumbawanga kwa sababu ya kaseti. Mwaka ule kiwanda kilichokuwa na bendi yetu pale Mbeya kilikuwa kinasubiri mnunuzi, kama viwanda vingi vya umma wakati ule, na sisi wanamuziki tukaambiwa tukae nyumbani mpaka apatikane. Tangu nianze kupiga gitaa la besi sikuwahi kuwa na wiki nzima isiyo na dansi. Nikaona nikamtazame mtu niliyekuwa nikiandikiana naye barua miaka mitatu bila kumjua sura.

Mtu huyo ni Mzee Filbert Kapele. Nilimsikia kwa mara ya kwanza katika mgahawa mmoja Mwanjelwa, pale Mbeya. Dereva wa lori la mahindi alikuwa ameweka kaseti, na humo ndani watu walikuwa wanapiga roki, roki hasa, ile ya miaka ya sabini yenye solo ya kukwaruza, lakini mwimbaji, mwanamke mwenye sauti nzito, aliimba Kifipa. Chini ya vyote hivyo besi ilikuwa inatembea taratibu, bila haraka yoyote, na kila ilipokanyaga ilikanyaga mahali pake. Chai yangu ilipoa. Dereva akaniambia mpigaji ni mzee mmoja wa Izia, pale pale Sumbawanga mjini, zamani alikuwa migodini Zambia. Nikaandika barua kupitia parokia. Jibu lilikuja baada ya mwezi, na kaseti ndani yake. Tangu hapo tukawa tunatumiana nyimbo: yeye ananirekodia kopi za roki anazozipenda, nyimbo za wengine alizozipiga upya, mimi najifunza, kisha namrekodia zangu.

Jambo moja tu lilinisumbua. Kila wimbo wake ulipigwa kwa noti za chini kuliko nilivyoujua kwenye santuri. Niliilaumu redio yangu ya kaseti kwamba inakwenda polepole. Nikampelekea fundi, fundi akasema redio ni nzima.

Jumanne alfajiri nilipanda basi la Sumbawanga. Nilibeba nguo mbili, sweta, gitaa la besi la kiwanda nililoruhusiwa kulichukua, lililoagizwa Ujerumani Mashariki enzi zile, na pakiti ya nyuzi mpya za besi. Nyuzi hizo zilikuwa zawadi. Vijana wa sasa hawawezi kujua maana yake. Kwa miaka mingi nyuzi hazikuonekana madukani, na sisi tulikuwa tunazichemsha za zamani kwenye sufuria ili zitoe mafuta ya vidole na zipate tena mlio. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na duka moja mjini, kati ya redio za Dubai na viatu vya mitumba, lilikuwa limening'iniza pakiti mbili. Nilinunua moja.

Tunduma tulikaa saa mbili kwa ajili ya pancha. Baada ya hapo barabara ya lami tukaiacha, tukaingia kwenye vumbi. Mchana tulifika Laela, nikanunua mahindi ya kuchoma. Kutoka hapo nchi inafunguka: vilima vya majani yaliyokauka, miti michache, na mashamba yenye matuta ya mviringo yaliyopangwa mpaka kwenye upeo wa macho. Upepo ulikuwa wa baridi hata jua likiwaka. Mwanamke niliyekaa naye, mwalimu aliyekuwa anarudi kazini, alinicheka nilipovaa sweta mchana ule, akasema sijaona kitu bado, nisubiri asubuhi.

Sumbawanga tuliingia jua likiwa linagusa milima ya Mbizi. Mzee Kapele alikuwa stendi. Nilimtambua kwa sababu alikuwa anatazama begi la gitaa, si watu. Alikuwa mrefu, mwenye koti la zamani lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Ambakisye?"

"Ndiye mimi."

Alilichukua begi kutoka mkononi mwangu, akalipima uzito, akasema la Wajerumani hilo, mbao zao nzito. Akatangulia nalo mpaka Izia.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba. Mkewe, Mama Skola, alitupokea kwa ugali wa ulezi, maharage na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika walioletwa kutoka Kabwe. Nilipomsikia akinikaribisha mezani nikaweka tonge chini. Ile ilikuwa sauti ya kwenye kaseti. Miaka mitatu nilikuwa nimeandika barua nikiuliza habari za nyuzi na vidole, na sikuwahi kuuliza anayeimba ni nani. Nilimwambia hivyo. Alisema wapiga gitaa wote ndivyo walivyo, amewazoea.

Jumatano asubuhi Mzee alinifungulia sanduku. Humo, juu ya blanketi, lilikuwa besi la Kimarekani lililotengenezwa kabla sijaanza shule. Rangi yake ilikuwa ya kahawia pembeni ikififia kuwa njano katikati, na mahali mkono unapoegemea vanishi ilikuwa imelika, mbao imebaki uchi na laini. Chini ya nyuzi kulikuwa na kipande kidogo cha mbao. Nilikuwa nimekiona kwenye picha tu nisijue kazi yake. Mzee akanionyesha: waliolitengeneza walitegemea mtu atashika pale kwa vidole na kupiga kwa dole gumba. Na yeye ndivyo alivyopiga. Ndiyo sababu noti zake zilikuwa nene vile, na mimi nilikuwa nimehangaika kuziiga kwa vidole viwili.

Alilinunua Kitwe, kwa fundi wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mchana alishuka shimoni, jioni alipiga na vijana wenzake roki ya Waingereza na ya kwao wenyewe, kwa Kiingereza na Kibemba. Aliporudi Ufipa aliileta ile ile, akaitia Kifipa.

Siku nzima tulipigiana. Mimi nilimpigia kipande nilichojivunia, chenye noti nyingi za kukimbia. Alisikiliza amefumba macho, kisha akaomba nikirudie na kuacha nusu ya noti. Nilipofanya hivyo nikasikia ngoma ambayo haikuwepo chumbani.

Nilimpa zile nyuzi mpya. Alizigeuza mkononi kwa muda, akashukuru, akaziweka juu ya kabati. Akasema ataziweka mwenyewe, wakati wake, kwa sababu Jumapili walikuwa na dansi ukumbini baada ya misa na hakutaka kubadili nyuzi kabla. Nilimwuliza pia kwa nini nyuzi zake zimelegezwa chini hivyo. Akasema ni mazoea.

Alhamisi nilifanya ninaloandika hapa kwa aibu. Mzee alikwenda shambani. Nilibaki peke yangu na lile besi na pakiti ya nyuzi, nikajishawishi kwamba akirudi akute limevishwa nyuzi mpya atafurahi. Ukweli ni kwamba nilitaka kulisikia mimi. Nilitaka kulisikia kwenye sauti yake ya sawasawa, kama kwenye santuri. Nikavisha nyuzi, nikakaza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipokuwa naikaza ya nne nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama mtu aliyevunja kijiti cha kuwashia moto. Nyuzi zote zikalegea mara moja. Pale kichwa cha gitaa kinapoungana na shingo mbao ilikuwa imefunguka kiasi cha kuingiza ukucha.

Mama Skola alikuwa nje anapura maharage. Nilitoka nikasimama mlangoni, nikaanza kueleza.

"Usinieleze mimi, baba," alisema bila kuacha kazi. "Mwenyewe anakuja saa nane."

Zile saa tatu nilizikaa kwenye kiti. Nilifikiria basi la mchana, sitaficha. Saa nane Mzee aliingia na jembe, nikamwambia kabla hajakaa. Nilimwambia kwamba ni mimi, kwamba alisema ataziweka mwenyewe na sikusubiri. Alilichukua, akaenda nalo dirishani, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuliandika katika barua.

Mpasuko ule ulikuwa wa zamani. Siku aliyorudi kutoka Zambia alianguka nalo kutoka juu ya lori karibu na mpaka. Shingo ilipata ufa, na tangu siku hiyo alilegeza nyuzi ili zisiivute. Rafiki yake Deusi, seremala wa Msanzi, alimsihi miaka yote waufungue ule ufa kabisa na kuugundisha upya. Alikataa.

"Niliogopa," alisema. "Nilijua likifunguka halifungiki tena. Sasa limefunguka. Kesho tutakwenda Msanzi, na wewe utalibeba."

Usiku ule sikulala vizuri, ingawa hakuna aliyenisema.

Ijumaa tulipanda lori lililokuwa linakwenda Matai, tukateremka Msanzi kabla ya saa nne. Njia nzima nililipakata lile sanduku magotini. Tulipishana na ng'ombe wengi wa wafugaji wa Kisukuma, na dereva aliwangoja wapite bila kupiga honi.

Fundi Deusi alikuwa mtu mfupi, mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mzee alimweleza kwa Kifipa. Nilisikia jina langu likitajwa mara moja, na fundi akanitazama, akacheka kidogo, akanipa mkono. Kumbe naye ni mpiga besi. Ukutani pa karakana kulikuwa na besi alilolitengeneza mwenyewe kwa mninga baada ya kuliona la Mzee, na nyuzi zake nene zilikuwa waya za breki za baiskeli.

Alifanya kazi hadi mchana. Aliufungua ufa mpaka mwisho, na pale shingo ilipotengana nilitazama pembeni. Alisafisha uchafu wa miaka yote kwa kisu chembamba, akapaka gundi ya ngozi iliyochemshwa, akaingiza vijiti viwili vya mbao ngumu kushika pande zote, kisha akafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akizungusha na kuvuta, akizungusha na kuvuta. Akasema lisiguswe mpaka Jumapili.

Tulipokuwa tunasubiri gundi ishike kiasi cha kusafirishwa, tulikaa wapiga besi watatu kwenye mbao za jeneza ambalo halijapigwa misumari, na kila mmoja akapiga wimbo wa roki anaoupenda kuliko yote. Mzee alitumia gitaa langu. Wake ulikuwa wa kuhuzunisha, wa vijana wa Kitwe ambao wengi wao, alisema, hawapo tena. Wangu ulikuwa wa Waamerika. Wa Deusi ulikuwa na noti nne tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye zile waya za breki zilisikika kama mtu anayegonga mlango kwa heshima. Aliurudia mara tatu. Alisema kanisani, shambani, popote, watu humsifu mwimbaji na mpiga solo, na hakuna siku hata moja aliyoulizwa habari za besi. Mzee akasema hata yeye. Nikasema hata mimi. Tukacheka kwa pamoja, na nadhani ni wakati ule nilipoacha kujiona mgeni.

Jumapili baada ya misa ukumbi wa Izia ulijaa. Ampilifaya iliendeshwa kwa betri ya trekta. Deusi alifika kwa baiskeli, akaufungua mpira mwenyewe, akapitisha dole gumba kwenye ungio mara mbili, akampa Mzee gitaa. Mzee alivisha zile nyuzi mpya. Alizikaza taratibu, huku mimi nimeshika meza, mpaka zikafika kwenye sauti ya santuri, na wapiga gitaa wengine wakapandisha zao kumfuata. Shingo haikulia. Akapiga noti moja, ikajaza ukumbi. Nilitazama chini ili watu wasinione macho.

Wimbo wa kwanza ulianza. Mama Skola alianza kuimba, na mara akajikuta juu mno. Alijaribu beti moja, sauti ikapanda paani na kukatika. Alisimamisha bendi kwa mkono.

"Filbert," alisema, kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia, "nirudishie sauti yangu."

Ukumbi ulicheka, na Mzee akacheka kuliko wote. Akalegeza nyuzi zote nne mpaka pale zilipokuwa miaka yote, na magitaa mengine yakamfuata. Wimbo ukaanza tena, na hapo nikaelewa nilichokuwa nimekiita kosa la redio. Nyimbo zile zilikuwa zimeshuka kwa sababu ya ufa, ndiyo, lakini zilipofika kule chini zilimkuta mama huyu, naye akazifanya zake. Watu wa Izia walicheza roki ile mpaka jua likaanza kushuka, wazee kwa vijana. Mzee aliniita nikapiga nyimbo mbili kwa besi lake. Nilipiga kwa dole gumba. Nilipiga noti chache.

Jumatatu alfajiri alinisindikiza stendi. Baridi ilikuwa kali, mwalimu wa kwenye basi alisema kweli. Nilijaribu kuomba radhi tena, akanikatiza, akasema niende salama na niandike nikifika. Basi lilipanda kutoka mjini, na nyanda zile za majani zikaanza kupita dirishani, zikiwa na ukungu mwembamba juu yake. Nililala kutoka Laela hadi Tunduma, usingizi mzito.

Nyumbani waliniuliza nilijifunza nini huko. Niliwaambia mambo ya gundi na dole gumba, na hayo ni kweli. Nilijifunza pia kwamba mtu akisema "nitafanya mwenyewe" huenda ana sababu ambayo hajawa tayari kuisema. Lakini lililo kubwa kwangu ni hili: mpiga besi huzoea kupiga bila kusikilizwa, na mimi nilikuwa nimezoea mno, nikawa najaza noti ili angalau nionekane. Sasa najua kwamba Izia yupo mtu mmoja, na Msanzi yupo mwingine, ambao wangekuwa ukumbini wangeisikia kila noti yangu, nzuri na mbaya. Tangu nilipopata tena pa kupiga, napiga kwa ajili yao, na dansi halijawahi kuwa tamu namna hii.