Chaki Ukutani kwa Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Mkasi, na haikuwa kwa sababu ya ushonaji peke yake. Fundi yule alikuwa na ulimi. Ukimpelekea kitambaa cha sketi ukataka kitoke gauni, anakuambia palepale, "Mama, hapa ni kwa fundi, si kwa mganga," halafu anakurudishia kitambaa chako kimekunjwa vizuri. Watu walinuna, wakaenda zao, na baada ya siku chache hao wamerudi, maana hakuna aliyejua kukata kola kama yeye. Alikuwa mfupi, wa kupanda kigoda ili afike rafu ya juu, na futi yake ya kupimia ilishinda shingoni tangu anapofungua duka mpaka anapofunga.

Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Lakini kaka yake, dereva wa malori, alikuwa na binti wa miaka kumi na minne, na binti huyo Mkasi alimpenda mno. Akitoka shule alipitia dukani kwa shangazi yake, akavua viatu, akaokota vipande vya nguo sakafuni huku akisimulia habari za siku nzima. Alikuwa mrefu, jamani! Mrefu wa kuwapita walimu wake. Wavulana wa mtaani walimwita Mlingoti, naye kwa aibu akawa anatembea ameinama, mabega mbele, shingo ndani, utadhani anatafuta sindano iliyoanguka.

Basi likizo ile ikaja kambi ya mpira wa kikapu ya wasichana. Ya wasichana watupu! Miaka yote kiwanja cha pale mtaani kilikuwa cha wavulana, na msichana akionekana pale ujue ameshikishwa chupa za maji. Kocha, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alipita dukani kutaka namba zishonwe kwenye fulana. Akamwona binti amechuchumaa anaokota vipande, kisha akamwona anasimama.

"Huyu wa nani?" akauliza.

"Wangu," Mkasi akajibu, bila maelezo.

"Mlete kambini, ni wiki mbili tu. Kuna shule ina timu ya wasichana. Nitakaowachagua mimi, inawachukua na kuwasomesha bure."

Binti akainua kichwa, macho yakamtoka. Mkasi hakuwa amewahi kumwona akikitaka kitu kiasi kile, akajiapia moyoni kwamba kambini ataenda, liwalo na liwe.

Shughuli ilikuwa kwa mama mtu. Wifi yake Mkasi alikuwa mwanamke mpole, mfanyakazi wa tanuri la mikate, asiye na ugomvi na mtu. Lakini ukigusa urefu wa binti yake, haambiliki.

"Wifi, huo ni mchezo wa kurukaruka," alisema. "Na kurukaruka kunavuta mifupa, wameniambia kazini. Huyu alivyo sasa tu maneno ya watu yamenichosha. Arefuke tena? Ataolewa na nani, nguzo ya umeme?"

"Akiolewa na nguzo ya umeme, angalau nyumbani kwenu taa hazitazimika."

Wifi hakucheka. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Kaka mtu akapigiwa simu huko safarini, akasema, "Mtaelewana wenyewe," akakata, kama kawaida yake. Mwishowe mama akatoa sharti: binti apimwe kabla ya kwenda, na siku ya kurudi apimwe tena, palepale dukani, na shangazi yake. Akikutwa ameongezeka hata upana wa kidole, mpira basi, na hiyo shule asiisikie.

"Nakuamini wewe, wifi," alisema. "Kwenye vipimo hujawahi kunidanganya."

Hapo alimweza. Mkasi alidanganya umri wake, tena bila haya, lakini kipimo? Thubutu! Akamsimamisha binti ukutani, akapanda kigoda, akachora mstari wa chaki usawa wa utosi wake. Mama akaukagua mstari, akaridhika.

Kambi ikaanza, na kila Mkasi alipopeleka fulana alikawia kwenye uzio kuliko ilivyompasa. Alikuta wasichana wanadunda mipira, wanaanguka, wanachekana, wanainuka. Mmoja kila akirusha mpira kikapuni alifumba macho, na kila akifungua alikuta umempiga mwenziwe. Na kocha, loo, hakuwa na simile.

"Mgongo!" alimpigia kelele Mlingoti. "Unamwomba nani msamaha? Simama!"

Kila alipoinama, binti alizungushwa kiwanja na fulana iliyokunjwa kichwani, isianguke. Siku za mwanzo ilianguka kila hatua, wenzake wakafa kwa kicheko, na yeye pia. Siku ya mwisho Mkasi alimwona akipaa katikati ya mikono ya wenzake wote, akaudaka mpira kule juu peke yake, akatua, akasimama wima anacheka, meno yote nje. Machozi yalimtoka fundi wa watu. Akapenga kamasi kwenye fulana namba saba, ikabidi aichukue kwenda kuifua.

Njiani kurudi, binti alimshika mkono. "Shangazi, kocha amenichagua."

"Nimesikia, mwanangu."

"Ukinipima, si ubonyeze kichwa kidogo tu? Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alisema Mkasi. Kama angekuwa mtu wa kufuta chaki, angeifuta siku ileile.

Mama alikuwa ameshafika dukani, na unga wa tanuri bado uko mikononi. Binti akasimama ukutani. Mkasi akapanda kigoda, akaweka rula juu ya utosi, akachungulia. Akachungulia tena. Mstari ulikuwa chini kule, vidole vitatu kamili.

"Sema, wifi."

"Vidole vitatu," Mkasi akasema, na hakuwahi kuichukia kazi yake kama saa ile.

"Si nilisema?" Mama hakuwa na hasira. Alikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyefiwa. "Si nilisema mimi, jamani?"

Binti akasikia, uso ukamshuka. Mabega yakaja mbele, shingo ikazama, akawa yuleyule wa kutafuta sindano. Na Mkasi, juu ya kigoda, rula bado mkononi, akaona kile kichwa kinashuka, kinashuka, mpaka kikasimama sawasawa na mstari wa chaki.

"Usisogee!" alipiga ukelele, kigoda kikayumba. "Wifi, njoo uone! Njoo upesi! Mwanangu, hebu nyooka."

Binti akanyooka. Vidole vitatu.

"Inama kama zamani."

Akainama. Mstarini.

"Nyooka. Inama. Umeona? Hajarefuka huyu, wifi! Amenyooka! Urefu wote alikuwa nao, ila alikuwa anauficha."

Mama alisogea, akaupapasa ukuta kwa kidole chenye unga. Akamgeukia binti yake.

"Mimi waliniita Ngazi," akasema taratibu. "Nilikuwa rika lake."

Mkasi akamgeukia wifi yake, akamwangalia kama vile wametambulishwa leo. Mabega mbele, shingo ndani. Ala! Ndiyo maana magauni yake yote yalikuwa yakipanda nyuma, na yeye fundi mzima akawa analaumu kitambaa!

"Njoo ukutani," alimwamuru.

"Ah, wifi, mtu mzima mimi!"

"Njoo!"

Akaja, kwa aibu. Binti akamshika mabega, akayarudisha nyuma kama kocha alivyomfanyia yeye. Mgongo ukalia ko! Mama akapanda, akapanda, na Mkasi juu ya kigoda chake akanyoosha mkono mpaka ncha za vidole, asiufikie ule utosi.

"Yesu na Maria, unaishia wapi?" alilalamika, na wote watatu wakaangua kicheko.

"Huyo kocha anakaa wapi?" mama akauliza, anapangusa macho. "Nampeleka mwanangu mwenyewe, sasa hivi."

Akamshika binti mkono, akatoka kwa madaha, kifua mbele, na paji la uso likagonga fremu ya mlango, pa! Mlango aliopita miaka yote bila kuugusa. Mkasi akaruka kumshika. Mama akajisugua paji la uso, akacheka.

"Wifi, mwite seremala aje auinue mlango wako," akasema. "Mimi siinami tena."