Kesi Moja Ilijiondoa

Makala yenyewe ina kurasa tisa, na mama yangu yumo katika mstari mmoja.

Niliipata mwaka huu chuoni, mwalimu alipotufundisha kusoma utafiti. Alisema kabla makala haijachapishwa, wataalamu wengine wasiotajwa majina huisoma na kuihoji: watu hawa mliwachagua vipi, mbona fulani hayumo? Kisha akaeleza aina za utafiti. Kuna wa kufuata watu miaka na miaka. Kuna wa kulinganisha: waliougua upande huu, wazima upande ule, wote wanaulizwa maswali yale yale, nani analala ndani ya chandarua, nani anakaa karibu na maji. Wagonjwa, akasema, huitwa kesi. Hapo nikaanza kulia darasani, haya sina.

Maana utafiti wa makala hiyo ulifanyika kwetu Nchelenge, kando ya ziwa linalopakana na Kongo, na mkalimani nilikuwa mimi, msichana mwenye mdomo mwepesi na Kiingereza cha shule. Mama alikuwa amevuka kutoka Kongo zamani, akiuza samaki ufukoni, na wiki ile alikuwa ametoka tu kuugua malaria. Mtafiti akaeleza, nami nikatafsiri mbio mbio: "Mama, wanasema wewe ni kesi."

Akaweka kisu chini. "Kesi? Mimi? Niliibaka kitu ya nani?" Kwa Kiswahili cha kwao Kongo, alikuwa akiuliza aliiba kitu cha nani.

Nikacheka. Yaani nilicheka! Nikamwambia asiniaibishe mbele ya wageni, ajibu tu. Akajibu yote, sauti chini, macho kwenye beseni la samaki.

Watafiti waliporudi na maswali ya pili, hawakumkuta. Alikuwa ameshapanda mtumbwi kwenda kwa dada yake, ng'ambo. Alimwachia jirani ujumbe gani? Jirani aliniletea maneno ya Mama: "Miye sitaki tribinali," yaani hataki mahakama. Nilinuna, nikasema atarudi mwenyewe. Alifia huko kabla sijamfuata.

Sasa nasoma: kesi moja ilijiondoa bila kutoa sababu. Wahakiki wote wale, na ujuzi wao wote, hakuna aliyeuliza sababu. Ninayo mimi. Nimekukumbuka, Mama. Ningepata asubuhi moja tu, nikae kando ya beseni lako, nikutafsirie polepole: kesi ni mutu mwenye aligonjwaka, basi. Hukuibaka kitu ya mutu.