Maharagwe Yaliyoteleza

Juzi nilimtembelea mjukuu wangu kule mtaa wa Kabiria, kwenye hizo nyumba ndefu za kupanga. Nikaona ukuta umebanduka rangi pale chini, umetoa unga mweupe. Nikachovya kidole, nikalamba.

"Shosho! Unalamba ukuta?"

"Nyamaza. Hii chumvi naijua tangu kabla mama yako hajazaliwa."

Naijua kweli. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami mtoto wa kutumwatumwa. Hapo palikuwa na kibanda cha mwenye bucha, alipopaka ngozi za ng'ombe chumvi na kuzianika. Alipohama alituachia nzi, harufu, na udongo ambao jua likiwaka unajifunika weupe. Hata magugu yaliukataa.

Kiwanja kilikuwa cha mama mwenye ploti, mzaliwa wa papo hapo. Sisi tulitoka Magharibi, tukapanga chumba kwake. Mama yangu akaomba alime pale. Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Nyinyi watu wa ugali! Haya, lima. Mvua hii ikiisha bila maharagwe, najenga vyumba."

Kwetu haikuwa mchezo. Baba alibeba mizigo mjini, River Road, leo kazi ipo, kesho haipo. Bila shamba lile, jioni ni ugali na chumvi, na chumvi tayari tulikuwa nayo.

Mama akalima kama kwao: matuta marefu, samadi niliyobeba mimi kwa karai, maharagwe juu kabisa ya tuta. Yakaota, majani yakaungua kingo, yakafa. Akapanda tena mbegu zote zilizobaki kwenye mkebe. Mvua ikaja ya kumwaga. Asubuhi tukakuta mbegu zimeteleza, zimekwama ubavuni mwa matuta ndani ya tope. Mama akakaa chini palepale matopeni. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa mchana.

Hatukuzirudisha. Na zile za ubavuni ndizo zilizoota, zikatoa maua. Chache zilizobaki juu zilikauka, weupe umezizunguka shingoni. Sasa niambie wewe: udongo ni ule ule, samadi ni ile ile. Mama alisema ni Mungu. Mwalimu wangu wa shule alisema chumvi hupanda na maji mpaka kileleni mwa tuta. Nikamuuliza maji yalianza lini kupanda mlima. Akanichapa. Mpaka leo sijaelewa.

Mama mwenye ploti akaja, akapasua ganda kwa kucha.

"Ulifanya nini hapa?"

"Sijui, mama."

"Basi fanya hivyo tena."

Msimu uliofuata, mama alipanga mbegu juu ya tuta, kisha akazimwagia maji kwa sufuria ziteleze. Mama mwenye ploti amesimama pembeni anaamuru: "Ile bado! Ongeza maji!" Majirani walituona wazimu. Lakini githeri, mahindi na maharagwe yetu chungu kimoja, ilipikwa nyumba zote mbili, na harufu ya vitunguu ilifika barabarani.

Wajukuu wangu, wanaonunua maharagwe yaliyochemshwa tayari, huniuliza kwa nini hatukuyapanda ubavuni moja kwa moja. Nadhani tuliogopa kubadilisha kitu ambacho hatukujua kilikubali kwa sababu gani.

Kila mvua wale wawili walimwaga maji yao, wakigombana. Vyumba havikujengwa mpaka mama yangu alipozikwa. Hapo ndipo lori la mawe lilipoingia shambani, na mama mwenye ploti akasimama mlangoni kwake, ameligeuzia mgongo.