Vipande Vitatu vya Shaba

Siku yangu ya kwanza kiwandani, Fundi Mkuu wa Umeme alinipa bisibisi, akaniambia nifungue kisanduku kilicho ubavuni mwa mota.

"Umeona nini?"

"Nyaya, bosi."

"Nyaya hata panya anaziona. Soma bamba."

Bamba ni kile kibati kinachosema mota inataka volti ngapi. Mie darasa la saba, nikasoma kwa kidole: 220/380. Akanionyesha vipande vitatu vya shaba vinavyounganisha nyaya. Ukivilaza mstari mmoja, mota imefungwa nyota, inakula 380 ya kiwandani. Ukivipanga sambamba, imefungwa delta, inakula 220. Nikaitikia, nikasahau.

Miaka ya tisini kiwanda kikauzwa. Mashine ya kukereza vyuma niliyoihudumia ikatupwa kwenye chakavu. Nikainunua, nikaiweka kwenye banda la jikoni kwangu Mbagala. Nyumbani umeme ni fezi moja, yaani waya mmoja wa moto, mota inataka tatu. Msimamizi wa Zamu wa kule kiwandani alikuwa ameniachia draivu, kisanduku kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, na kasi unaipanga kwa kuzungusha kitufe. Mie tayari nilishaota karakana yenye kibao changu.

Nilipowasha, mota ilizunguka vizuri. Nilipogusisha kisu kwenye chuma, ikasimama. Mara tatu.

"Baba Zuhura," mke wangu akasema, "mie napikia barazani mpaka lini?"

Mzee Saidi, jirani yetu mnunuzi wa chakavu, alishaegesha mkokoteni mlangoni. "Usione haya. Nitaiondoa taratibu, mtaa mzima hautajua."

"Kwa mkokoteni unaolia hivyo?" mke wangu akamjibu. "Ekseli imeisha hiyo."

Nikacheka, kisha nikaikumbuka ile bisibisi. Nikazima, nikasubiri draivu iishiwe umeme uliobaki ndani, nikafungua. Shaba zimelala mstari mmoja: nyota ya kiwandani, na draivu yangu inatoa 220. Mota ilikuwa na njaa tu, maskini. Nikazipanga sambamba. Safari hii chuma kilichongeka, kikatoka kimejikunja kama utepe.

Mzee Saidi akaenda kupindua mkokoteni wake. "Basi nichongee ekseli."

Ndiye mteja wangu wa kwanza.

Sasa nimestaafu, anakereza binti yangu Zuhura. Bamba nimelipangusa miaka yote hiyo mpaka namba zimefutika. Siku namkabidhi mashine, nilimpa bisibisi afungue, nikamuuliza ameona nini.

"Mwandiko wako, baba."

Nilikuwa nimezichora namba zile kwa msumari, ndani ya kifuniko cha kisanduku.