Benchi la Nje

Nilifika kwenye zahanati moja, mbele kidogo ya Kolo, kwa mafunzo ya vitendo. Nilitoka chumba changu cha kupanga Ipagala nikijiona mkunga kamili, sare nyeupe imenyooshwa kwa pasi mpaka kola. Muuguzi mfawidhi, mama wa sauti ya chini na msimamo mgumu, aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniangalia juu mpaka chini.

"Hiyo sare kaivue kwanza, mwanangu. Kila asubuhi utaanza kwa kukaa benchi la nje na wagonjwa. Nikikuita, ndiyo uvae."

Nilikasirika, sifichi. Nimekesha na vitabu nije kukaa benchi? Nikakaa nimenuna, kitenge kiunoni, vumbi likinijaa puani.

Asubuhi moja akakaa kando yangu mama mwenye mimba kubwa. Tukasalimiana, tukalilalamikia jua, akanigawia karanga. Halafu akaniinamia.

"Tangu jana mtoto hachezi."

"Si utamwambia nesi?"

"Thubutu! Anifokee kwa nini sikuja jana? Nitasema kichwa kinauma, basi."

Nilishtuka mpaka karanga zikanimwagika. Sikungoja kuitwa, niliingia ndani nikamweleza mfawidhi. Akatoka mwenyewe, akamshika mkono yule mama na kumkaribisha kama mgeni wa nyumbani kwake. Hakumuuliza habari za jana. Aliposikiliza mapigo ya mtoto, uso ulimbadilika, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Jioni tukapata habari kutoka hospitali ya wilaya: amejifungua kwa upasuaji, na mtoto analia. Mfawidhi alikaa chini akafuta macho kwa upindo wa khanga. Mimi nililia waziwazi.

Siku hizi nafundisha mimi, na wanafunzi wangu wananuna kwenye benchi vilevile. Nawaacha wanune. Kila nikiwaona, namshukuru yule mfawidhi kwa moyo wote, maana bila yeye ningekuwa nesi wa kuambiwa habari za kichwa tu.

Wakizidi kulalamika, nawasimulia siku yule mama aliporudi kliniki na mtoto mgongoni. Alinikuta kwenye mizani, nimevaa sare. Akasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Kumbe we ni nesi!"

"Ndiyo, dada."

"Wallahi ningejua, nisingekwambia."

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa nimpime.