Jiwe la Kupoa

Verlina Laronde hakumruhusu mgeni yeyote aliyelowa jasho aingie bwawani. Kisiwa kizima cha Dominika kinajua kwamba mwili wa moto haukutanishwi na baridi ghafla. Verlina mwenyewe akimaliza kupiga pasi hafungui friji. Basi wageni wa meli za kitalii akishawapandisha mlimani kuona maporomoko, huwakalisha kwanza juu ya jiwe pana kando ya bwawa, akawamiminia chai ya mchaichai mpaka wapoe. Wengine walinuna. Awaonee haya ya nini, na hapo ndipo kaka yake Lennox alipojirusha akitweta, akatolewa maiti?

Ila mwenye kampuni ya matembezi anayoifanyia kazi sasa ni Hickson, mtoto wa Lennox huyo huyo.

"Shangazi, watu wanalalamika. Wamelipia kuogelea, si kukaa kama kuku wanaoatamia. Ukiwakalisha tena leo, natafuta mtu mwingine."

"Baba yako..."

"Baba alikufa kwa moyo. Daktari alisema."

"Moyo huo ulikuwa mzima mpaka alipogusa maji!"

Hickson akasonya. Na Verlina, mwenye mdomo kuliko soko zima la mji mkuu, Roseau, akakubali kutowakalisha. Mlima ule aliupenda mno, na nyumbani angefanya nini?

Siku hiyo wageni walifika wakihema, wakavua mashati, wakajitosa chubwi! Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyepiga chafya. Verlina akabaki jiweni peke yake na chupa yake ya chai. Alifurahi kwamba wako salama, na kidogo akawachukia kwa hilo hilo.

Wa mwisho kufika alikuwa bibi mmoja mnene, uso umemwiva. Akaketi kando yake bila kuambiwa.

"Hapa ndipo tunapopoa? Binti yangu alikuja mwaka jana. Maporomoko kayasahau, lakini jiwe lako na chai yako hachoki kuvisimulia."

Verlina alimmiminia chai. Waliokuwa majini walipoona vikombe, wakatoka mmoja mmoja kuja kuomba.

Hickson, aliyepanda mbio kuhakikisha agizo lake linafuatwa, akawakuta wote jiweni wanacheka. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akafungua kinywa.

"Kaa kwanza," Verlina alimwambia. "Utagomba baadaye. Lennox kaniachia wewe tu."

Hickson aliyatazama maji yaliyomchukua baba yake. Kisha akaketi, akapokea kikombe kwa mikono miwili.